Msiba wa Sauti ya Chini

Nyumba yoyote anamoishi mtu aliyetoka hospitali ya akili hufungwa kisikizi ukutani. Sauti ikipanda kupita kiasi, iwe ya yeyote, taa yake hugeuka nyekundu na gari huja kumrudisha mgonjwa wodini.

Tangu kaka yangu Mbwana atoke, tumejifunza kuishi chinichini. Tukipiga chafya tunaziba uso kwa mto. Redio tumempa jirani.

Asubuhi moja ikaja habari kwamba mama mkubwa Mwanakombo, dada wa pekee wa mama, amefariki. Majirani wakaja kuhani, nami nikawapokea mlangoni nikiwaomba walie moyoni. Wakaketi mkekani midomo imefumbwa, kama watu wanaosubiri daktari. Mama alikuwa katikati yao, amejijaza pindo la kanga mdomoni, mishipa ya shingo imemtoka.

Mbwana alimtazama kwa muda. Kisha akaingia chumbani, akatoka na mswaki wake na shuka aliyokuja nayo kutoka wodini, akaviweka karibu na mlango.

"Mama," akasema taratibu, "mlilie dada yako. Kule nimeshazoea."

Mama akatikisa kichwa. Mbwana akapiga magoti mbele yake, akalivuta lile pindo la kanga polepole mpaka likatoka lote.

Kilio kikafuata. Taa ikawa nyekundu, gari likasikika likikata kona, na mama akazidi kulia. Sote tukamwitikia. Hakuna aliyeuliza sasa tunamlilia nani.