Alama ya Jino

Bi Zulfa alimpelekea sonara Kheri mkufu wa riale za kale usafishwe, bintiye auvae harusini. Kwao kila bibi harusi huiuma riale yake ya fedha, kisha huitunga mkufuni kando ya ile ya mamaye.

Kheri alipitisha ukucha juu ya herufi. “Riale halisi hugongwa kwa muhuri, herufi zikasimama. Hizi zimelala, zina vitundu. Zimemiminwa, dada. Zote.”

“Zote?”

“Tena kwa kalibu moja, umbo lililotolewa kwenye riale moja. Tazama, alama ya jino ni ile ile.”

Lilikuwa jino lililovunjika ncha. Ulimi wa Bi Zulfa ulikwenda wenyewe kwenye jino lake la mbele. Ufunguo wa sanduku la mkufu alikuwa nao mumewe peke yake.

Nje, honi ya gari jipya la mumewe ililia, ikimhimiza.