Dawa ya Nini?

"Bibi, weka chini!"

Mhudumu aliruka stuli na kumpokonya Bibi chupa ya maji ya kunywa. Akainusa. Pua ikamwaka moto, machozi yakamlengalenga.

"Hii ni nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya madoa. Dumu lake ni zito, mikono yangu haina nguvu, nikaihamishia humo. Na nani kakwambia nilitaka kuinywa? Nilikuwa naloweka kitambaa."

Mhudumu hakumwamini hata kidogo. Wazee ndivyo walivyo, alijiambia. Ukigeuka tu wanajimaliza, halafu lawama zote ni zako. Na siku hiyo lawama hakuzitaka hata za kupewa bure, maana msimamizi kutoka ofisini alikuwa njiani. Nyumba ikikutwa salama, mhudumu angemaliza majaribio na kupewa kazi ya kudumu. Ikikutwa na kasoro, angerudi kulala kwenye kochi la dada yake, kwa shemeji mchoyo anayefunga kabati la chakula kwa kufuli. Alimchukia shemeji huyo kwa moyo wake wote.

Akavaa glavu, akafunga barakoa, akafungua madirisha yote, kisha akaivamia nyumba kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka ndani.

Kwenye kopo la sukari alikuta punje za buluu.

"Bibi! Dawa ya nini hii?"

"Ya panya."

"Kwenye kopo la sukari?"

"Sukari daktari kanikataza, mwanangu. Kitu chochote kitamu, marufuku. Kopo lilikuwa limekaa bure."

Chini ya sinki, chupa ya siki ilikuwa imejaa dawa ya mende. Chupa ya mafuta ya nywele ilikuwa na dawa ya kuzibua mabomba, ambayo ingemwachia Bibi upara unaofuka moshi. Mhudumu hakumwaga kitu wala hakuchanganya. Aliziba kila chupa, akaiandika jina lake, akazipanga nje kwenye ndoo yenye mfuniko, ofisi ije izichukue. Kazi hiyo aliijua, na aliifanya huku akihubiri.

"Dawa haihamishwi chombo, Bibi! Kila kitu kikae kwenye chupa yake, na lebo yake. Kisicho na lebo, usiguse!"

"Na chenye lebo?"

"Chenye lebo hakina shida."

"Haya," akasema Bibi, akaendelea na kitambaa chake.

"Hao wenzangu waliokuwa hapa kabla yangu hawakuyaona haya yote?"

"Hawakukaa. Wa kwanza aliondoka akiumwa tumbo. Aliyemfuata, naye tumbo."

"Wataachaje kuumwa, na nyumba yenyewe ghala la sumu!"

Friji tu ndiyo haikuwa na dosari. Chupa ya juisi ya machungwa ilikuwa na lebo yake, kifuniko chake na rangi yake, ikapita ukaguzi bila swali. Barakoa ilikuwa imemkausha mhudumu koo, na mtu anayeokoa maisha ya wenzake halaumiwi kwa mafunda mawili matatu. Akaongeza mengine kwa niaba ya Bibi, maskini, aliyekatazwa vitamu.

"Umemaliza kukagua friji, mwanangu?" Bibi akauliza kutoka sebuleni.

"Nimemaliza, Bibi! Friji yako safi kabisa!"

Mwisho akaenda msalani, akamwaga dawa ya choo, hiyo ikiwa kwenye chupa yake halali. Akafunga mlango na kubandika karatasi: USIINGIE.

"Hakiingiliki mpaka lini?" Bibi akataka kujua.

"Mpaka dawa ikae, na harufu iishe. Hata mimi mwenyewe siingii."

"Na mtu akibanwa?"

"Atajikaza, Bibi. Usalama kwanza."

Bibi alimtazama, akatikisa kichwa.

Msimamizi aliingia na uso wa mama mkwe aliyekuja kutafuta vumbi. Akafungua makabati, akachungulia chini ya sinki, akanusa chupa moja baada ya nyingine. Akaenda kuitazama ndoo ya nje. Alipoisoma karatasi ya msalani, uso ukalegea.

"Sasa naona tumepata mtu," akasema.

Mhudumu alitamani kupiga vigelegele. Tumbo lake likanguruma. Akadhani ni furaha.

"Nimuulize Bibi jambo moja tu, halafu kazi ni yako," msimamizi akaendelea. "Bibi, kuna dawa yoyote iliyobaki kwenye chombo kisicho chake?"

"Ipo moja. Kwenye friji, ndani ya chupa ya juisi. Naona mwanangu hakuihesabu."

"Dawa ya nini?"

"Ya choo."

Mhudumu alipiga yowe lililowatoa majirani madirishani.

"Mungu wangu, nimeinywa! Bosi, nimekunywa nusu chupa! Niitieni gari la wagonjwa, nakufa!"

Akadondoka sakafuni, akaikumbatia miguu ya msimamizi kwa mikono miwili. Msimamizi alikuwa ameshatoa simu, akitafuta namba ya hospitali.

"Rudisha simu yako, mama, hafi huyo," Bibi akasema, akikikunja kitambaa chake taratibu. "Ile ya kusafisha choo kaimwaga mwenyewe chooni. Hiyo aliyokunywa ni ya kupata choo, huwa nawatilia wadokozi."