Mzee Kupe Apewe Kitabu Chake

"Kurasa tatu," alisema Hashimu, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. "Mwalimu, mtu kama Mzee Kupe unampa kurasa tatu?"

Mwalimu Efrazia aliweka kalamu chini. Tangu astaafu na kuchapisha kitabu chake cha hadithi, hakuna mtu Malindi nzima, kijiji chao cha milimani, aliyewahi kumwambia kuwa ni kifupi. Wengi walisifu jalada, wakakirudisha. Aliyewaudhi zaidi ni Mzee Kupe wa hadithi ya nne, mzee anayehamisha masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, ili amnyang'anye mjane jirani yake shamba. Mzee wa kanisa alisema mhusika huyo hafai kusomwa na vijana. Evelina, mdogo wake Efrazia aliyeolewa Lukozi, aliapa kwamba akikutana naye barabarani atampiga mawe, na Evelina alijua fika kwamba Kupe hayupo duniani.

Hashimu peke yake ndiye aliyempenda. Walipakana mashamba kule bondeni, yeye mgane, Efrazia mjane, na asubuhi hiyo alikuja na kikapu cha maparachichi na hoja zake.

"Mtu mwema hana hadithi," alisema. "Anaamka, anaswali, anamwagilia kabichi, analala. Utaandika nini hapo? Kupe ana kazi. Anafikiri, anasubiri. Apewe kitabu chake."

Kwa heshima ya fasihi, Efrazia alijifanya kusitasita kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Kikwazo kilikuwa shamba. Kile kishamba cha bondeni ndicho pekee alichoachiwa na mama yake, pamoja na mparachichi uliosimama katikati, na ndicho kilichomlisha. Mama alimwachia na amri: shamba hukaguliwa na mwenyewe, kila wiki. Lakini kushuka ni saa nzima, kupanda ni saa mbili, na goti la kulia la Efrazia lilistaafu kabla yake.

"Wewe kaa uandike," Hashimu alimwambia. "Mimi nashuka kila siku. Jicho langu ndilo jicho lako."

"Na mparachichi wa mama?"

"Umechoka, mwalimu. Mwaka huu haukuzaa. Lakini haya ya kwangu yanatutosha."

Basi akaandika. Zikapita masika na vuli, kisha masika na vuli tena. Kila Jumamosi mlangoni palisikika salamu ya asubuhi kwa lugha ya nyumbani, "Onga makeo, mwalimu," kikaingia kikapu, yakafuata masahihisho. Kupe asihamishe masale wakati wa kiangazi, yatanyauka na watu watauliza. Ahamishe masika, udongo ukiwa laini, tena auhamishe mstari mzima, hatua moja kila mvua kubwa, maana mpaka uliopinda ndio unaowapeleka watu kwa wazee. Efrazia aliandika yote. Alifundisha Kiswahili miaka thelathini na minne bila kumpata mwanafunzi mmoja mwenye jicho la namna hii.

Katika sura ya tisa alitaka kumwangushia Kupe mti afe, watu wafurahi. Hashimu alikataa katakata.

"Afanikiwe," alisema. "Wazee waje, wakute masale yameshika na yana majani, waseme mpaka ndio huu, masale hayasemi uongo. Hayo ndiyo maisha, mwalimu. Ukimwangushia mti utakuwa umewadanganya wasomaji."

Efrazia, ambaye hakutaka kuwadanganya wasomaji wake wote saba, aliufuta mti.

Evelina alipiga simu kutoka Lukozi. "Dada, mwanaume haleti maparachichi miaka miwili bure. Huyo kuna kitu anakitaka."

"Najua anachokitaka," alijibu Efrazia, akijitazama kwenye kioo.

Alikuwa ameshanunua kitenge kipya. Yeye Mlutheri, Hashimu Mwislamu. Habari hiyo ingewapa wanakwaya kazi mpaka Pasaka, na kusema kweli wazo hilo halikumuudhi hata kidogo. Usiku mmoja alijiona akimkaribisha Hashimu moja kwa moja, bila kikapu, na aliona haya peke yake kama msichana.

Kitabu kikatoka, kurasa mia mbili na arobaini, Mzee Kupe toka mwanzo mpaka mwisho. Ukurasa wa kwanza ulisomeka: *Kwa jirani yangu Hashimu, aliyehakikisha siinuki kitini.*

Nakala ya kwanza aliamua kumpelekea kwa mkono wake. Nyumbani hakumkuta, waliokuwepo walimwambia yuko bondeni. Efrazia alijifunga kitenge kipya, akachukua fimbo, akaanza kushuka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwa miaka miwili. Goti lililalamika njia nzima na hakulisikiliza, kwa kuwa moyo wake ulikuwa na furaha, naye alikuwa akipanga la kujibu akiulizwa lile swali.

Alifika chini anahema. Masale yalikuwa yamependeza. Yalikuwa yameshika, yana majani mapana, yamenyooka kama mstari wa daftari. Yalipita hatua kumi upande huu wa mparachichi wa mama yake, mti ukabaki upande wa Hashimu.

Mparachichi ulikuwa umezaa hadi matawi yanainama. Juu yake alikuwa Hashimu, kikapu kile kile mkononi, akichuma.

"Karibu shambani kwangu, mwalimu," alisema. "Nimefikiri sana. Yule mjane naye apewe kitabu chake."