Mbegu za Mama Kindi

Hii ni habari ya kindi wawili, mama na mwanawe, katika msitu wa theluji uliobakiwa na mwaloni mmoja tu wa majani yenye kingo za mviringo. Mbegu za mwaloni huo huota upesi. Mwana aling'ata ncha ya kila mbegu kabla ya kuifukia, isiote, awe na akiba ya majira ya baridi. Mama alifukia zake nzima.

"Mama, umesahau tena! Zikiota utakula nini?"

"Fukia zako, mwanangu."

Baridi ikaja, na upepo ukauangusha mwaloni. Theluji ilipoyeyuka, mwana alimkuta mama yake amekufa kwa njaa, amelala juu ya mbegu zake zote, nzima, zimeshatoa mizizi.

Mwana akazifukia upya. Hakung'ata hata moja.