Chini ya Soketi

Siku hizi mtu huhesabiwa hai maadamu kishikwambi chake kinawaka na kinauona uso wake. Kikizimika, umekufa: mkeo anaanza eda, ndugu zako wanagawana mali. Na betri yangu mimi imevimba kama andazi, haikai na chaji hata kwa muda wa kunywa chai.

Fundi Shekue alinipa njia tatu. Nikikipeleka kiwandani, nitakuwa marehemu hadi kirudi. Akikifungua yeye, sili ya kiwanda itavunjika na nitakuwa marehemu moja kwa moja. La sivyo, nikiache kwenye chaja, nami nikae hapo hapo.

Basi nimekaa. Waya wenyewe mfupi, kwa hiyo nalala sebuleni chini ya soketi, nakula hapo, najifuta mwili kwa kitambaa hapo hapo. Kaka yangu Mbaruku huja kunijulia hali, lakini macho yake huwa kwenye soketi. Juzi alikuja na futi kamba, akapima chumba changu cha kulala.

"Usinielewe vibaya, mdogo wangu," akasema.

Sikumwelewa vibaya hata kidogo.

Leo mchana feni imesimama ghafla. Umeme umekatika mtaa mzima. Nikamwita mke wangu, Mwanakombo. Akatoka jikoni, akakitazama kioo kinavyofifia, kisha akanitazama mimi. Hakulia, wala hakukimbilia kwa jirani mwenye jenereta.

"Baba Zuena," akaniuliza kwa upole, "nipike chakula cha wawili, au nibandike sufuria la matanga kabisa?"