Figa la Tatu

Bi Melania alijisifu kwamba hakuna jiwe la lile kanisa la kale la watawa asilolijua. Tena si kazi kubwa, maana mawe yaliyobaki hayatoshi hata banda la mbuzi. Mengine mji mzima ulishayabeba.

Siku hiyo Bruda Gervasi alikuja na mchoro wa zamani, akamwonyesha pengo kwenye tao la mlango.

"Mama, hapa palikuwa na kichwa cha malaika. Tukikipata, tao litasimama. Tusipokipata, litabomolewa lisije likamwangukia mtu. Wewe ndiye mlinzi, hujakiona?"

"Mvua, Bruda. Ule mwaka wa mafuriko. Ilikizoa mbele ya macho yangu haya, nikalia."

"Pole sana, mama."

Pole ile ilimchoma kuliko tusi. Akaona aibu, akamkaribisha jikoni ale maharage, angalau ampe kitu cha kweli. Hakuwa na hofu. Masizi ya miaka yalikwisha kuficha kila kitu.

Wakaketi. Chungu kikachemka, povu likafurika, likateremka juu ya figa la tatu likiosha masizi. Ikatokea pua. Halafu shavu, halafu jicho.

Bi Melania akaitandaza kanga yake mbele ya moto, kama mtu anayeota joto.

"Mama," akasema Bruda taratibu, "kumbe mvua za huku hushukia jikoni?"

Nyuma ya kanga, mchuzi wa maharage uliendelea kudondoka kutoka kwenye jicho la malaika.