Mrija wa Kiko

Tangu kiharusi kimpige, mzee Nguluma hakuwahi kutamka neno. Alishinda dirishani, na kiko chake kando yake juani, hadi mrija wake wa mpira mweusi ukapauka na kugeuka rangi ya matope.

Asubuhi hiyo mkewe, Bi Sikudhani, alikichukua. Aliuchomoa mrija, akausugua kwa kitambaa na dawa ya meno mpaka weusi ukaanza kurudi, akaupaka mafuta ya nazi ili usipauke tena. Daktari alishakataza tumbaku, lakini kiko kitupu kingemdhuru nini?

"Baba Tegemea, kiko chako hiki."

Mzee alikitia mdomoni. Uso ukamkunjamana.

"Kichungu."

Bi Sikudhani alimwinamia, akamtegea sikio.

"Umesemaje, mume wangu?"

"Kichungu," alirudia kwa shida.

"Haya, nipe nikusugulie tena."

Aliketi karibu na miguu yake, akausugua mrija taratibu, bila haraka ya kumaliza, kisha akamrudishia.

"Na sasa?"

Mzee alifumba macho. Midomo yake ilicheza juu ya mrija, ikitafuta neno jingine.